Uzi: Magazeti yetu hayakuuawa na simu, yaliuawa na mnunuzi mmoja mkubwa

Mzee wa Lurambi (Kakamega)

Wadau, nitangulie kusema nimesimama wapi, mtu asije akajifanya amenigundua katikati ya mjadala. Mimi ni mhafidhina. Naamini serikali iwe ndogo, kodi iwe ndogo, mtu ale jasho lake, kanisa na familia viheshimiwe. Mwaka 2022 nilimpigia kura William Ruto. Mwaka 2024 niliupinga Mswada wa Fedha. Kama wewe unaona mgongano hapo, mimi siuoni.

Sasa hoja. Wenye vyombo vikuu vya habari wakikutana siku hizi kilio ni kimoja: mapato yameshuka, wafanyakazi wanapunguzwa, vijana wamehamia TikTok, Google na Facebook wamekula matangazo. Dawa inayopendekezwa nayo ni ile ile kila mara. Serikali ilipe madeni ya matangazo, serikali ipunguze ushuru, wafadhili waongeze fungu. Msomaji hatajwi popote. Yaani mwenye duka analia hana wateja, na barua ya maombi anamwandikia chifu.

Uhuru Kenyatta akiwa rais alisema gazeti ni la kufunga nyama. Wahariri walikasirika, na haki yao. Lakini maneno hayakuwa na uzito kama vitendo. Mwaka 2015 matangazo ya wizara na mashirika ya umma yalianza kukusanywa chini ya wakala mmoja wa serikali, na jarida la MyGov likawa linasambazwa ndani ya magazeti ya kila siku. Tangu hapo kila mhariri alijua akimuudhi nani pesa itakatika. Machi 2024, serikali hii niliyoipigia kura ikaagiza matangazo ya redio na televisheni ya mashirika yake yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake. Kelele zilisikika mpaka Busia. Mimi swali langu lilikuwa moja: kwa nini iliwauma kiasi kile? Biashara gani halali inayoyumba kwa sababu mnunuzi mmoja amehamia duka la jirani? Ni ile iliyokuwa imeacha kuuza kwa wengine kitambo.

Halafu kuna Agosti 2022. IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti yake, vituo 46,229, kila mwenye simu na bando aone. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote waliyowahi kupewa wanahabari wa Kenya: jumlisha. Vituo vikubwa vya televisheni vikaanza, kila kimoja na tarakimu zake, leo huyu anaongoza hapa, pale anaongoza yule, kisha vikanyamaza kabla ya kumaliza. Tulibaki tukisubiri tume itangaze pale Bomas. Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Hata kama wewe ulipigia upande wa pili, jiulize kwa nini mwenye kamera, mawakili na wafanyakazi mamia aliogopa kusoma hesabu kwa sauti. Mimi jibu langu ni kwamba mtu aliyezoea kulipwa na mwenye mamlaka hawezi kutangaza kabla hajajua mwenye mamlaka atakuwa nani.

Na msiniambie ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hapa kwetu magharibi tuna historia nyingine. Achieng' Oneko alianzisha Ramogi, gazeti la Kijaluo, miaka ya 1940. Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliunda LUTATCO, kampuni ya akiba na biashara, mwaka 1947 kwa kuuza hisa kwa watu wa kawaida, wavuvi, walimu, wenye maduka, na kampuni ikawa na mtambo wake wa kuchapisha. Henry Okullu, kabla ya kuwa askofu wa Maseno Kusini mwaka 1974, alikuwa mhariri wa Target, gazeti la makanisa lililokuwa na mwenzake wa Kiswahili, Lengo. Beyond, jarida la Baraza la Makanisa, lilipigwa marufuku 1988 kwa kuandika jinsi kura za mlolongo, za kupanga foleni nyuma ya mgombea, zilivyochezewa, na mhariri wake Bedan Mbugua akapelekwa jela. Hawa hawakuwa wanamapinduzi wa Nairobi wenye miradi ya wafadhili. Ni watu wa kanisa na wa biashara ndogo. Wahafidhina, ukipenda.

Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walisema wazi kwamba serikali ina tabia ya kudanganya. Rais akaenda kanisani Soweto, Nairobi, akatoa mamilioni, na Askofu Mkuu Philip Anyolo, yule yule aliyekuwa Kisumu kabla ya kuhamia Nairobi, akaamuru pesa zirudishwe. Zaidi ya shilingi milioni 2 taslimu. Nitajieni chombo kimoja cha habari kilichowahi kurudisha tangazo.

Karibuni. Matusi wekeni kando, nina wajukuu wanaosoma hapa.

Kibandani Kisumu

Mzee shikamoo. Mimi niko Oginga Odinga Street, nauza magazeti na njugu na kadi za simu. Wengine mnazungumza kwa nadharia, mimi nakuambia ya kibandani.

Zamani kulikuwa na watu wa aina tatu. Anayenunua. Anayekodi, anasoma pale pale amesimama, ananipa shilingi kumi, ananirudishia likiwa limekunjwa vizuri nami naliunganisha na yale yasiyouzwa yarudi Nairobi. Na anayesoma vichwa vya habari bure akiwa ameshika mkokoteni. Wa kwanza karibu wameisha. Wa kukodi wameisha kabisa. Hawa wa bure wapo, lakini siku hizi hata hawasimami, wanaangalia wakipita.

Gari la magazeti bado liko Kericho huko, gazeti lote kurasa zote tayari liko kwenye kundi la WhatsApp. Mimi mwenyewe mteja wangu wa miaka alinionyesha kwenye simu yake kabla sijafungua kamba ya bunda. Sasa unafanya nini? Unamuuzia njugu.

Lakini kitu kilichoniumiza zaidi ni ukurasa wa vifo. Hapa kwetu mtu akifa akitangazwa gazetini na picha, familia ilikuwa inaniagiza nakala siku moja kabla. Mjomba anataka, chama kinataka, kanisa linataka, wa Nairobi anataka ya kuweka kwenye fremu. Orodha ya watoto, wakwe, wajukuu, nani yuko Marekani, nani ni daktari. Hiyo ilikuwa biashara! Sasa tangazo linatengenezwa na kijana wa saibakafe, linasambazwa WhatsApp kabla mwili haujafika mochari.

Magazeti ya zamani ndiyo yanatafutwa. Mafundi wa rangi, wafugaji wa vifaranga, kina mama wa njugu. Kilo hailali. Uhuru hakusema uongo, alisahau tu vifaranga.

Mzee wa Lurambi

Marahaba, kijana wangu. Hapo kwenye vifo umegusa mahali ambapo maprofesa wa uandishi hawafiki. Gazeti lilikuwa la mwananchi kwa sababu jina lake lingeweza kutokea humo: amekufa, amehitimu, shamba lake linauzwa, mtoto wake ameitwa shule fulani. Redio nayo ilikuwa hivyo. KBC Kisumu ikisoma matangazo ya vifo jioni, watu walinyamazisha watoto. Si kwa mapenzi ya serikali, ni kwamba ungeweza kumsikia shemeji yako. Mwananchi alilipia tangazo lake mwenyewe. Huyo ndiye mteja waliyempoteza, na hawakuwahi kumlilia hata siku moja. Walimlilia waziri.

Nyar Kisumo

Mzee, kwa heshima zote, umepamba lakini kuna mahali umeruka.

Kwanza hili la kila kitu kuwa kosa la wanahabari. Januari 30, 2018, Raila akiapishwa kuwa "rais wa wananchi" Uhuru Park, nani alizima Citizen, NTV na KTN? Juni 25, 2025 vijana walipokuwa wanakumbuka wenzao waliouawa mwaka uliotangulia wakipinga Mswada wa Fedha, nani aliagiza matangazo ya moja kwa moja yasimamishwe na mitambo ikazimwa mpaka Mahakama Kuu ikaingilia? Machi 2006 nani alituma polisi waliofunika nyuso wakachoma magazeti ya Standard kiwandani, na Michuki, waziri wa usalama wa ndani, akasema ukimchokoza nyoka ukubali kuumwa? Gazeti linalopigwa hivi kwa miaka ishirini, likidhoofika unasema limejiua?

Pili, hii lugha yako naijua inakotoka. Ni ya Wamarekani wa Trump: vyombo vikuu vimeoza, haviheshimu mtu wa kanisa, vife tu. Sawa. Walipata madaraka, wakafanya nini? ABC ililipa dola milioni 15 kumaliza kesi ya Trump, Paramount yenye CBS ikalipa milioni 16 Julai 2025. Mwezi huo huo Bunge lao likafuta dola bilioni 1.1 za redio na televisheni za umma, na wanaoumia zaidi ni vituo vidogo vya vijijini, kwa wapiga kura wao wenyewe. Hao ndio walimu wako?

Tatu, Albert Ojwang'. Mwalimu kijana, alikamatwa kwao Homa Bay Juni 2025 kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akafa mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi wakasema aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia. Unadhani yale ya wanapatholojia yangemfikia mama wa Homa Bay bila kamera za hao unaowaita wanunuliwa? Na filamu ya BBC ya Aprili 2025, iliyowatambua waliofyatua risasi nje ya Bunge, ingetengenezwa na nani? LUTATCO?

Mzee wa Lurambi

Binti yangu, umenipiga vizuri, ngoja nijibu panapojibika.

La kuzima mitambo niko nawe mia kwa mia, na usidhani naona haya kwa sababu ya kura yangu. Serikali inayoweza kuzima Citizen kwa simu moja ni kubwa mno. Huo ndio uhafidhina ninaouzungumzia. Walioshangilia 2018 kwa sababu aliyezimwa ni Raila, na waliolia 2025, wengi ni watu wale wale. Mimi nataka kanuni isiyobadilika kwa kubadilika kwa aliyeko Ikulu.

La Trump pia. Rais anayelipwa na kituo cha televisheni ili kesi iishe, huo si uhafidhina, hiyo ni bahasha imegeuzwa upande wa pili. Lakini kukata pesa ya serikali kwa redio, hapo nakubaliana nao. Ndiyo, vituo vya vijijini vimeumia, nami sifurahii. Ila kituo kinachokufa siku serikali ikigeuka, kilikuwa tayari cha serikali.

Na BBC. Kizazi changu kilikua na Idhaa ya Kiswahili, wakati wa chama kimoja ilikuwa ndiyo mahali pa kujua kilichotokea Nairobi. Hiyo filamu niliiona na niliheshimu kazi. Ila Novemba ya mwaka huo huo wa 2025 mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu. Kipindi chao kiliunganisha vipande viwili vya hotuba ya Trump ya Januari 6, 2021 vilivyotengana kwa zaidi ya dakika 50, ikasikika kama sentensi moja. Hakuna askari aliyewalazimisha. Hakuna tangazo lililokatwa. Pale chumbani wote walifikiri namna moja, hakukuwa na mtu wa kusema, jamani, hapa tunakata vibaya. Shida hii haina pesa ndani yake, nakubali. Na hapa kwetu ipo pia. Hesabu ni wahariri wangapi wa Nairobi unaowajua wanaoenda ibada ya Jumapili Shinyalu au Mumias, halafu uniambie kwa nini habari ya kanisa ikifika gazetini huwa ni mchungaji tapeli.

Asilimia 28 tu ya Wamarekani waliiambia Gallup, kampuni ya kura za maoni, mwaka 2025 kwamba wanaviamini vyombo vyao. Miaka ya 1970 ilikuwa kati ya asilimia 68 na 72. Hiyo haikuanza na Trump. Yeye aliikuta, akaitumia.

Mwandishi wa Zamani (Bungoma)

Naona mnapigana juu juu. Acheni niwaambie mashinani ilivyo, mimi niliyeifanya kazi hiyo, gazeti silitaji.

Wengi tuliokuwa tunaitwa waandishi wa magharibi hatukuwa tumeajiriwa. Unalipwa kwa habari iliyochapishwa. Haikuchapishwa, huna kitu. Ilichapishwa ikiwa imekatwa ikabaki aya mbili, unalipwa aya mbili. Nauli yako, simu yako, kamera yako. Unatoka Kanduyi unaenda Cheptais kufuatilia zahanati isiyo na dawa, siku nzima, bodaboda pekee ni pesa ya unga ya wiki. Mhariri anakuambia haina uzito. Jioni hiyo hiyo mheshimiwa anaita mkutano hotelini Bungoma mjini, anamtukana mheshimiwa mwenzake, na hiyo inakuwa ukurasa wa nne.

Mkutano ukiisha mheshimiwa anaingia garini. Msaidizi wake anabaki nyuma, karibu na jikoni, ana karatasi ya majina. Unaandika jina, chombo, unatia sahihi, unapewa. Wakati mwingine majina ni mengi kuliko watu waliokuwa ndani, kwa sababu kuna wale tuliowaita waandishi wa mfukoni, hawana chombo, wana daftari tu. Inaitwa nauli. Na kusema kweli ilikuwa nauli. Bila hiyo hufiki nyumbani.

Kwa hiyo Mzee ukisema msomaji alisahaulika, sawa. Lakini anza hapo chini. Gazeti lililokataa kulipa nauli ya mwandishi wake liliikodisha kazi hiyo kwa wanasiasa. Habari nyingi mlizosoma za kaunti zetu zimelipiwa na mtu aliyemo ndani ya habari.

Mzee wa Lurambi

Hii ndiyo posti bora ya uzi huu, na sitaiongezea chumvi. Niseme tu kwamba wewe umeona kwa macho kile nilichokuwa nakisema kwa hesabu. Juu kuna tangazo la wizara, chini kuna karatasi ya majina karibu na jikoni. Mhariri hatishwi na mtu, na mwandishi hajihisi amehongwa. Mambo yanakwenda yenyewe.

Kijana wa Section 58 (Nakuru)

Mzee na wazee wote, heshima. Mimi niko Nakuru na sijawahi kununua gazeti maishani, sisemi kwa kujivuna, ndivyo ilivyo.

Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama lilifanyika huku kwetu. Wasichana wa Butere, wa huko kwenu Kakamega, walikuwa na tamthilia iliyomuudhi mtu fulani juu. Mahakama Kuu iliamuru waruhusiwe kucheza. Cleophas Malala aliyeiandika akakamatwa akijaribu kuwafikia. Wasichana wakatoka, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kucheza. Nje polisi wakarusha vitoa machozi, na wanahabari walikuwa miongoni mwa waliovipata.

Mimi yote hayo niliyaona kwa simu za watu kabla ya taarifa ya saa moja. Hakuna aliyelipwa. Hakuna mhariri. Kwa nini nilie kwamba gazeti linakufa?

Nyar Kisumo

Kwa sababu kijana, siku hiyo hiyo kwenye simu zile zile kulikuwa na video za zamani zimevishwa tarehe mpya, na wengine wakitangaza vifo ambavyo havikutokea. Nani alikuchujia?

Kijana wa Section 58

Maoni ya watu chini. Mtu akidanganya anaumbuliwa kwa dakika tano.

Mama Dayosisi (Webuye)

Dakika tano? Mwanangu, mimi nimekaa na mama mmoja wa kikundi chetu aliyeambiwa kwa WhatsApp mwanawe ameuawa kwenye maandamano Nairobi. Picha ilikuwa ya mtu mwingine mwenye fulana kama yake. Simu ya mwanawe ilikuwa imezimika chaji. Alilia usiku kucha, watu wakaanza kuleta viti. Asubuhi kijana akapiga kuomba pesa ya bando. Hiyo dakika tano yako alikuwa wapi mtu wa kuumbua?

Mimi sijui mambo ya matangazo ya serikali. Najua tu redio ya zamani ikisoma jina, jina lilikuwa limeletwa na mtu wa familia, limeandikwa, limelipiwa, na mtangazaji alilisoma mara mbili.

Kijana wa Section 58

Pole mama. Hiyo nakubali.

Mzee wa Lurambi

Mama amejibu kuliko mimi. Ila kijana naye hajakosea lote. Butere ilionyesha kitu: mamlaka iliogopa mchezo wa watoto wa shule kuliko ilivyoogopa kurasa za mbele za magazeti. Ukiogopwa, una wasomaji. Wenye magazeti waitafakari hiyo.

Nami kama mzee wa kanisa niliudhika kwa namna nyingine. Wasichana wale ni watoto wa watu. Walitumwa na shule, walikuwa na mwalimu, walikuwa na amri ya mahakama. Serikali inayotufundisha maadili kila Jumapili kanisani ikawafungulia vitoa machozi nje ya ukumbi. Halafu mchambuzi wa televisheni anauliza nani anafaidika kisiasa kuelekea 2027. Kila kitu ni 2027!

Mgeni wa Kondele

Umelipwa na nani kuandika hii insha

Mzee wa Lurambi

Na duka langu la mbegu na dawa za ng'ombe. Karibu, mbolea za CAN na DAP zipo.

Hesabu za Kaunti (Vihiga)

Nimesoma kimya kimya tangu juu. Naomba nirudishe mjadala kwenye jambo moja ambalo wote mmelipita.

Mwaka wa fedha 2025/26 kaunti 47 zimegawiwa shilingi bilioni 415. Kakamega peke yake hupata zaidi ya bilioni 12 kwa mwaka. Kabla ya 2013 pesa hizo zilikuwa Nairobi, na waandishi walikuwa Nairobi, inaeleweka. Pesa zikahama, waandishi hawakuhama. Wakaanza kupunguzwa badala yake. Sasa ziko bilioni hapa Kakamega, Bungoma, Busia, Vihiga, na wa kuziangalia ni yule mwandishi wetu wa Bungoma asiye na nauli, pamoja na MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, ambaye mara nyingine ndiye mkandarasi kwa jina la shemeji yake.

Mzee, wewe unataka serikali ndogo. Kaunti yako ni serikali. Nani anaisoma?

Mzee wa Lurambi

Hakuna, na ndiyo maana sitaki gazeti jipya la taifa. Tunalo zaidi ya moja, linatuambia Gachagua amesema nini na Ruto amejibu nini, na mhemko wote huo hauniambii kwa nini barabara ya kwetu ilipakwa lami mara mbili kwenye karatasi. Nataka kitu kidogo cha hapa, kurasa chache tu, hata kikija kwa WhatsApp, lakini kilipiwe na wanaokisoma, na mwandishi apewe nauli yake kabla hajatoka nyumbani. Watu watalipa? Watu hao hao wanalipa mchango wa harambee ya mazishi kila wiki bila risiti. Hilary Ng'weno aliuza Weekly Review tangu 1975 kwa wasomaji waliotaka kuelewa siasa, ikaishi mpaka 1999, ikipita karibu enzi yote ya Moi. Haikuwa rahisi kwake, na mwisho ilifungwa. Lakini ni miaka 24.

Nyar Kisumo

Mzee, Ng'weno naye alihitaji matangazo. Na katika miaka ya mwisho kuna waliolalamika kwamba amekuwa mpole mno kwa Moi. Usimfanye malaika.

Halafu huo mpango wako wa kulipiwa na wasomaji, Washington Post walilipiwa na wasomaji. Oktoba 2024 mwenye gazeti akazuia tahariri ya kumuunga mkono Harris, wasomaji zaidi ya 250,000 wakakatiza usajili ndani ya siku chache. Kwa hiyo msomaji naye ni bosi mkali. Anataka uandike anachokipenda. Utaandika nini siku wasomaji wako wa Lurambi watakapokasirika?

Mzee wa Lurambi

Nitaandika barabara. Barabara ya kwenye karatasi haina chama.

Lakini swali lako ni zuri kuliko jibu langu, nimelielewa.

Mwandishi wa Zamani (Bungoma)

Kama kuna mtu yuko tayari kwa kazi kuliko mjadala, nieleze njia, maana vijana wengi wanadhani lazima uwe na kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari ndipo uulize swali.

Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kaunti kila robo mwaka, ziko kwenye tovuti yake. Fungua sura ya kaunti yako, usianze na maelezo, nenda moja kwa moja kwenye majedwali. Angalia pesa ya maendeleo iliyotumika ikilinganishwa na safari na posho. Angalia madeni ya wakandarasi. Kisha chukua ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya kaunti hiyo hiyo, utafute miradi iliyolipiwa na haikuonekana. Ukipata mmoja ulio karibu na kwenu, nenda ukauone kwa macho, piga picha.

Ukikwama, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia yeyote anaandika barua kwa ofisi ya umma, anaeleza anachotaka. Wana siku 21 za kujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikaa kimya unalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya malalamishi ya umma. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa ofisini na nakala ubaki nayo. Bila muhuri watasema hawajaiona, na hapo ndipo wengi huishia.

Kijana wa Section 58

Hii ya siku 21 sikuwa naijua. Barua inaweza kwenda kwa baruapepe?

Mwandishi wa Zamani (Bungoma)

Inaweza. Mimi bado napenda muhuri.

Hesabu za Kaunti (Vihiga)

Majedwali niachieni mimi, natuma ya Kakamega na Vihiga hapa kesho jioni. Mzee, andika barua ya hiyo barabara ya lami mara mbili.

Kibandani Kisumu

Mkichapisha kwa karatasi mnikumbuke na bunda moja. Nitaliweka juu ya njugu.

Nyar Kisumo

Na jibu likija uliweke hapa lote, Mzee, hata kama linamchoma uliyempigia kura.

Mzee wa Lurambi

Gavana sikumpigia mimi. Lakini nitaliweka lote.